Mdomo wa Tanuri Ulioelekea Kaskazini

Katika miaka thelathini ya kujenga matanuri ya udongo kwenye vijiji vya kusini mwa Paraguay, Deolinda Cañete hakuwahi kuliacha hata moja litazame kaskazini, isipokuwa hili la Zunilda Ovelar. Na asubuhi hii ya Jumatano Kuu lilikuwa linawaka kwa mara ya kwanza. Deolinda ndiye aliyeliwasha, kwa sababu moto wa kwanza huwashwa na mjenzi.

Mahali pale pa kupikia walipapanga Februari, kwa vigingi na kamba. Zunilda alikuwa amerudi baada ya miaka kumi na mmoja ya kupika katika nyumba za watu Buenos Aires, na alijua anachotaka: paa la vigae juu ya nguzo nne, meza ya matofali inayomfika kiunoni, karo lenye bomba, na pembeni tanuri la kuokea chipa, ile mikate ya muhogo na jibini ya Pasaka.

"Mdomo uangalie barabarani," alisema.

"Barabara iko kaskazini, mwanangu."

"Najua iliko. Nataka mtu akipita anione nikitoa chipa."

"Upepo wa kaskazini utaingia mdomoni, usukume moto utokee tundu la moshi la nyuma. Na nyuma kuna nyumba yako."

"Hatua saba nzima, Ña Deolinda!" Zunilda alisema, akitumia lile "Ña" la heshima. " Wewe unaogopa hata kivuli chako."

"Kumi na mbili zingetosha."

"Kumi na mbili ni barabarani kabisa. Hayo mambo ya bibi zetu yaache huko huko."

Deolinda alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, naye alikuwa amechoka kuitwa mtu wa zamani. Alipiga magoti, akang'oa kigingi, akakigeuzia kaskazini.

Nyumba yenyewe iliezekwa nyasi. Don Silverio, baba yake Zunilda, alikataa katakata mabati, akisema mabati hupika watu. Tangu Desemba alikuwa amelala chumba cha mwisho, kile kilicho karibu na tanuri, nyonga ikiwa imevunjika.

Asubuhi hii kuni zilikuwa zimewaka kwa dakika arobaini. Mezani kulikuwa na mabeseni mawili ya unga wa muhogo uliokandwa kwa jibini, mayai na mafuta ya nguruwe. Zunilda aliviringisha mkate wa kwanza huku akipungia mkono waliopita. Hapo Deolinda akahisi jasho la shingoni limekauka ghafla. Majani ya mpera yaligeuka yote pamoja, yakaonyesha upande wake mweupe.

Alizunguka nyuma ya tanuri, akasimama pale pale. Tunduni ulitoka ulimi wa moto, urefu wa mkono wa mtu mzima, ukielekea nyumbani. Cheche ziliruka mbele yake zikivuka ua.

Akachota tope, akaziba tundu kwa tofali. Upepo ukasukuma, tope likakauka akiliangalia, tofali likaanguka. Akakimbia mbele, akaegemeza mlango wa ubao mdomoni. Ukingo wa ubao ukaanza kufuka moshi, akautupa chini. Cheche moja ilitua juu ya paa, ikang'aa, ikazimika. Ya pili ikatua karibu na kilele cha paa. Hiyo hakuiona ikizimika.

"Zunilda! Mtoe baba yako nje!"

"Nimtoe na nani? Ana kilo tisini!"

Sauti ya mzee ilitoka chumbani. "Zunilda! Chipa tayari?"

"Bado, baba!"

"Basi mbona nasikia harufu ya kuungua? Huko Argentina ndivyo walivyokufundisha?"

Deolinda alijaza ndoo bombani. Alijua mambo mawili kwa hakika. Nyasi kavu zikishika, paa huwaka lote kabla mtu hajamaliza kuita majirani. Na udongo mpya uliopata moto, ukimwagiwa maji, haurudi kuwa kitu.

Zunilda alimdaka kiwiko. "Usithubutu! Litapasuka! Ndugu zangu wote wanafika kesho, Ña Deolinda, wote!"

"Niachie."

"Ni upepo tu, utapita!"

"Niachie, mwanangu, nakuomba."

Alimwaga. Mvuke ulimpiga usoni akarudi nyuma akikohoa, na ndani ya tanuri kukasikika mlio kama wa mti mkavu unaopasuliwa. Akajaza ndoo ya pili, akamwaga tena. Moshi ulipopungua, ufa ulikuwa umetoka mdomoni, ukapanda mgongoni, ukafika tunduni. Kidole kingepita.

Robo saa baadaye upepo ulitulia. Majani ya mpera yakarudi kama yalivyokuwa.

"Umeona?" Zunilda alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungengoja kidogo tu."

Alijitwika beseni la kwanza kwenda kuomba tanuri la jirani. Alipolirudia la pili, alimkuta Deolinda ameegemeza ngazi ukutani na yuko juu ya paa, akizipapasa nyasi kwa kiganja, shubiri baada ya shubiri.

"Unatafuta nini huko?"

"Ile ya pili. Sikuiona ikizimika."

"Nani anatembea juu yangu?" Don Silverio aliuliza kutoka chini.

"Mimi, Don Silverio. Lala tu."

Alifika mwisho wa mteremko. Hakupata joto, wala jani lililoungua, wala tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Kisha akarudi kileleni mwa paa akaanza tena, safari hii akizitenganisha nyasi kwa vidole gumba vyote viwili.