Chati Iliyomgeukia Mwalimu Njue

Kilichomtia hofu Mwalimu Njue ni kazi ya mikono yake mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati shule zilipangwa kwa wastani wa alama, na iliyoshika mkia ilisemwa mpaka sokoni Siakago. Njue, mwalimu mgeni kazini, hakuupenda mtindo wa kuwasomea watoto namba zao gwaridani. Namba arobaini inamwambia mwalimu nini? Kwamba mtoto ni wa arobaini, basi. Kwa hiyo alichukua majaribio ya hesabu ya darasa la nane, akayapekua swali kwa swali, akachora kwenye karatasi ya manila: majina ya watoto kando, mada juu, na kila mtoto alipokwama akapaka nyekundu. Mwalimu angefuata mstari wa mtoto mmoja na kujua pa kumshika mkono.

Akaibandika chumba cha walimu. Kesho yake mkutanoni, Hedimasta Hezekiah Mbogo alisimama mbele ya chati, akatabasamu. Njue naye akatabasamu, maskini.

"Mwalimu, hii kazi ni safi sana," akasema Mbogo. "Sasa tunaona wale wanatuvuta chini. Huyu Igoki amejaa nyekundu. Yeye na hawa wawili warudi la saba kabla hatujapeleka majina ya mtihani."

Walimu wakatikisa vichwa kukubali. Si kwamba walimchukia Igoki. Waliupenda wastani zaidi. Msichana huyo alikuwa amesharudia mara mbili. Akirudishwa tena angeketi na mdogo wake, na wasichana wa namna hiyo hawakukaa sana shuleni. Ungesikia tu ameolewa.

Ila chati ilikuwa na jambo jingine, ambalo Njue aliliona tangu akipaka rangi, akalinyamazia. Safu ya sehemu na asilimia ilikuwa nyekundu kutoka juu hadi chini. Mada hizo zilikuwa za muhula wa kwanza, na muhula huo hesabu ya la nane ilifundishwa na hedimasta, mtu wa mikutano, ambaye ukimtafuta darasani unaambiwa yuko wilayani. Tena ni yeye ambaye angeandika ripoti ya kumthibitisha Njue kazini. Njue alimwogopa, hilo halina siri.

Akapiga moyo konde. "Naomba, hedimasta," sauti ikamtoka nyembamba, "tuisome pia tukishuka chini, safu kwa safu. Hapa kwenye sehemu hata Karimi, namba moja wetu, ameanguka. Nyekundu za Igoki nyingi zinaanzia hapa. Faida, riba, uwiano, zote zinataka sehemu. Si yeye peke yake hajui. Hawakufundishwa."

"Ni nani alikuwa anafundisha hiyo?" akauliza Mbogo kwa ukali.

Walimu wote wakaangalia vikombe vyao vya chai. Mbogo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilikuwa na mikutano mingi," akasema hatimaye. "Wabaki la nane. Lakini hiyo karatasi itoke ukutani. Na wewe, Mwalimu, tutaonana ofisini."

Njue akatoka mbio hadi darasa la nane. Kiti cha Igoki kilikuwa kitupu. Hedimasta aliiona chati tangu jana, na hakungoja mkutano; alikuwa ameshamrudisha. Njue alimkuta msichana la saba, dawati la nyuma, magoti hayaingii chini ya meza, macho yamevimba kwa kulia.

"Rudi darasani kwako," Njue akamwambia. "Kesho tunaanza sehemu, darasa lote."

Igoki hakuinuka. "Mwalimu, wanasema ni karatasi yako ilisema mimi nirudi. Ni ukweli?"

Angeweza kumtaja hedimasta. Jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Ni ukweli," akasema, akainama kumbebea mfuko wa vitabu.

Igoki akauvuta mfuko wake, akaubeba mwenyewe kuelekea la nane.