Spika Nane za Bi Mwatum

Fundi Mkadam wa mtaa wa Amani alikuwa na amplifaya moja tu, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Ilibeba spika nne, mbili kila upande, bila ya kunung'unika. Ya tano ingeipandisha joto, na ya sita ingeitoa moshi. Hilo Mkadam alilijua kama anavyoijua njia ya kwao.

Bi Mwatum hakulijua, wala hakutaka kulijua. Alikuwa akimwoza binti yake, na mwezi uliopita jirani yake, Bi Riyama, alipomwoza wake alitundika spika sita.

"Mimi nnataka nane," alisema. "Na moja ielekee dirishani kwa Riyama."

"Bi Mwatum, amplifaya itaungua."

"Basi ntatafuta fundi anayejua kazi."

Maneno yale yalimwingia. Uwani kwake Mkadam alikuwa na spika nne nyingine, chakavu, zilizokufa sauti zamani. Alizipangusa vumbi, akazitundika pamoja na zile nzima, nyaya nyekundu na nyeusi zikashuka vizuri mpaka chini ya jamvi. Nyaya za zile mbovu ziliishia hapo hapo chini ya jamvi. Kazi ile ilimpa raha ya kitoto, hata akauma mdomo asicheke.

Alasiri taarabu ilipopamba moto, Mkadam alikaa nyuma ya pazia, kiganja juu ya amplifaya kama mama anayempima mtoto homa. Ilikuwa vuguvugu tu. Mara akaingia Bi Riyama, kashika kichwa.

"Shikamoo, Bi Riyama."

"Marahaba. Mkadam, lile dude linalonitazama dirishani litanipasua masikio! Ligeuze, baba."

Mkadam akapanda ngazi kwa uso wa msibani, akaligeuza kasha lile bubu likatazama mfenesi. Bi Riyama akashusha pumzi.

"Ah! Afadhali."

Bi Mwatum, aliyekuwa akichungulia, alicheka mpaka machozi. Hata mahari haikumfurahisha kama ushindi ule.

Bi Riyama hakuondoka. Akainama karibu na pazia.

"Sema kweli, Mkadam. Zangu sita zilizidiwa na hizi nane?"

Mkadam akaziangalia zile nne nzima, zile zile zilizoimba kwa Bi Riyama mwezi uliopita, huku mbili kati ya hizi bubu zikiwa zimetundikwa pembeni kwa pambo tu.

"Wallahi, Bi Riyama, hazikuzidiwa hata chembe."

Na katika yote aliyoyasema na kuyafanya siku ile, hilo peke yake halikuwa na uongo.