Gari Ikanyage Kwanza

Nimehama miji mingi, lakini nikisikia gari ikigonga chini bado nageuka, na moyo unarudi Bukavu, miaka ya Zaïre.

Baba alikuwa amekubaliana na mnunuzi wa mtaa wa Muhumba: Jumapili angekuja kuchukua gari yetu, aivunje, auze vipande. Kila shimo liliifanya ilie ko-ko-ko chini ya miguu yetu.

"Nipe siku tatu," nilimwomba.

Baba akacheka. "Sawa, citoyen fundi." Citoyen, yaani mwananchi, ndivyo serikali ilivyoamuru watu wazima waitwe; mimi aliniita kwa mzaha.

Ugonjwa niliujua. Mipira inayoshika mikono ya magurudumu, silambloki, ilikuwa imelika, na mipya haikupatikana mjini. Nikachonga mingine kutoka tairi kuukuu la lori, nikaipaka sabuni, nikaiingiza kwa nguvu. Gari ikiwa bado juu ya jeki, nikakaza bolti zote.

Tukaijaribu hadi Nyantende, nje ya mji; gari ilikwenda kimya. Wakati wa kurudi, ko-ko-ko.

Tonton, mdogo wake baba, dereva wa lori, alichungulia chini. Mipira ilikuwa imejisokota na kupasuka.

"Ulikaza magurudumu yakining'inia?"

"Ndiyo, tonton."

"Fundi wa nguo anapimaka mutu akiwa analala? Gari ikanyage kwanza, mipira ikae pahali pake, ndio ukaze!"

Jumamosi nilichonga upya. Safari hii niliacha bolti zikiwa zimelegea, nikashusha magurudumu juu ya mbao nene ili nipate nafasi ya kuingia chini. Tonton akasema gari iwe na uzito wa safari. Akakaa nyuma. Baba akakaa mbele, ndani ya abacost yake, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, wima kama anakwenda ofisini.

Maman akatoa kichwa kwenye dirisha la nyumba. "Papa, munaenda wapi na gari yenye haitembei?"

"Uliza citoyen fundi."

Mimi nilikuwa chini yao, nakaza.

Jumapili mnunuzi alipofika, baba alimpakia garini, wakaipitisha katika mashimo yote ya barabara yetu. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Injini tu. Waliporudi, yule mtu alisema sasa anaitaka nzima, aiendeshe mwenyewe.

Baba akatia ufunguo mfukoni mwa abacost.

"Ya kuvunja ningekupa. Hii inatembea, haiuzwe. Kama uko na neno, ongea na fundi."

Alininyooshea kidole. Neno citoyen hakuliongeza, wala hakucheka.