Jina la Susu Halimo

Wakati huo nilikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi sita na majivuno ya profesa. Padre wa parokia yetu mjini Machakos alinipa kazi ya kuingiza vitabu vya ubatizo kwenye kompyuta, na programu ya kutafuta majina nikaiandika mwenyewe.

Ukiiwasha asubuhi, ilisoma orodha kutoka kwenye diski na kuipanga katika jedwali ndani ya kumbukumbu ya mashine. Ukiandika jina la mtu na la baba yake, ilipita mstari kwa mstari, ikimfikia inakupa kitu kimoja tu: namba yake ya ubatizo. Isipomwona, iliandika HAYUMO. Wachumba waliokuja kutafuta namba nilikuwa nawahudumia kabla hawajakaa vizuri kwenye benchi. Vitabu vipya niliviingiza kwanza kwa sababu vilisomeka, vile vya zamani vilivyoliwa na mchwa nikavimalizia mwisho.

Mwaka huo nyanya yangu, mzaa mama, tuliyemwita susu, aliugua kijijini Muthetheni, akawa wa kitandani. Alitaka mambo mawili: apakwe mafuta ya wagonjwa, na azikwe na padre. Alibatizwa mjini, parokiani kwetu, kabla hajaolewa, lakini cheti kilipotea, na katekista wa Muthetheni alikuwa mgeni, hakumjua; bila namba ya ubatizo padre asingeitwa.

"Uko na namba yake?" katekista aliniuliza.

"Jumatatu nitaangalia, mwalimu. Hiyo ni kazi ya dakika moja."

Jumatatu mashine iliandika HAYUMO. Nikarudia, HAYUMO. Kitabu chenyewe kilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti changu, na sikujisumbua hata kugeuka.

Jumamosi nilikwenda kumwambia susu, mama na katekista wakiwa hapo.

"Mwana wakwa," susu alisema, "mimi nilimwagiwa maji. Nilikuwa nimefungwa kitambaa cheupe."

"Kwa kompyuta haiko, susu. Labda umesahau."

Maneno hayo mawili, labda umesahau, yananichoma hadi leo. Katekista, mtu mwema, akasema hakuna shida, atambatiza pale pale. Susu akakataa katakata.

"Mtu habatizwi mara mbili. Ndivyo tulifundishwa." Kisha akageukia ukuta.

Alifariki kabla ya mvua. Tulimzika bila padre, mjomba akasoma sala huku sauti ikimkatika, na katekista akasimama kando na majirani. Mimi nilihuzunika, lakini sikuwa na shaka hata kidogo.

Miezi kadhaa baadaye mzee mmoja wa Kyumbi alikuja ofisini na cheti chake mkononi. Mashine ikaandika HAYUMO. Nikamtazama mzee, nikatazama cheti. Alipoondoka nilifungua programu. Jedwali nilikuwa nimelitengea nafasi ya watu elfu mbili. Orodha ilipozidi hapo programu ilikuwa inakwama, nami kwa uvivu nikaongeza mstari wa kuiambia ipuuze kosa na iendelee. Kwa hiyo kila asubuhi ilipakia elfu mbili wa kwanza na kuwaacha wengine wote nje, kimya kimya. Wengine hao walikuwa wazee.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikaandika jina la susu na la baba yake. Namba ikatokea papo hapo. Nililia pale ofisini na mlango ukiwa wazi.

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa anapepeta pojo, akaweka uteo chini.

"Siku ile uliporudi mjini, susu alinituma kwako," alisema. "Alisema uangalie tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulisema imetoka kwa kompyuta?" mama alijibu. "Nikaona nitakusumbua bure."