Moyo wa Farao

Mwalimu wa Biblia wa akina mama wa Shirere hafungui Kitabu kabla ya kufuta meza kwa ncha ya leso, hata ikiwa safi. Huongea kwa sauti ya chini, na akifika penye jambo zito hugonga ukurasa kwa kidole kimoja kama anayebisha hodi. Wiki hii aligonga kwa Farao. "Ni Mungu aliyeufanya moyo wake mgumu," alisema. Jirani yake Ayuma alijua mwalimu hajamsemesha wifi yake, Quinter, tangu matanga ya mama mkwe, kwa ajili ya sufuria iliyorudishwa imetoboka. "Na wako, Mwalimu, umefanywa mgumu na nani?" Ayuma akauliza. Akina mama wakainamia Biblia zao kuficha vicheko. "Mungu akitaka, atanilainisha. Mimi nangojanga tu."

Hapo Quinter mwenyewe akatokea mlangoni, amelowa mvua, akitafuta pa kukaa. Mwalimu aliendelea kusoma bila kuinua macho, ila mkono wake ukautoa mkoba kwenye kiti cha pembeni na kuuweka sakafuni. "Keti, wifi, usitusimamie mlangoni." Kisha akawageukia wengine. "Mmeona Mungu anavyofanya kazi?" Ayuma alikuwa ameona, ila mkono aliouona ulikuwa na pete ya ndoa, na unga wa obusuma, ugali wa kwao, kwenye kucha.