Kapteni Miwani na Redio Mbovu

Kazini walimwita Kapteni Miwani, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Alirusha ndege ndogo ya injini moja, ya kubeba barua na vifurushi, na bila miwani yake ya jua hakukanyaga hata ngazi. Na miwani yenyewe, jamani! Nyeusi tititi, mikono yake minene kama kidole gumba. Alidai jua la angani si la kuchezea, linapenya kioo cha mbele likakupofusha mchana kweupe. Hilo ni kweli. Asichosema ni kwamba aliivaa hata ofisini, chini ya taa.

Kwa miaka mitatu alikuwa na ugomvi mmoja tu: redio. Maneno ya waongoza ndege wa mnarani yalimfikia yamechanganyika na ngurumo ya injini, asishike hata nusu. "Siku hizi mnarani wanaajiri watu wanaotafuna maneno," alilalamika. Dawa yake ikawa kufungulia sauti ya hedifoni hadi mwisho. Fundi wa redio, ambaye ni kaka wa mkewe, alishabadilisha redio mara mbili, na bado kila jioni aliambiwa kazi yake ni ya ovyo.

Zikabaki siku nne Kapteni apimwe afya, masikio yakiwemo. Asiyefaulu anaweka leseni chini, basi. Fundi naye alikuwa amechoka kusemwa.

"Shemeji, leo napanda na wewe," alisema. "Nikaisikilize hiyo redio mwenyewe."

Wakaruka, kila mmoja na hedifoni yake. Mnara ukaita. Kapteni akaguna. "Umesikia upuuzi huo?"

"Nimesikia kila neno," fundi akapaza sauti. "Wanataka tushuke hadi futi elfu tatu."

Kapteni akashuka. Redio ni nzima, kwa hiyo mbovu ni yeye! Aliogopa, tena sana, mtu mzima yule. Akawaza atamwambia nini mkewe, na kazi gani ataianza akiwa na miaka hamsini na miwili, maana ujuzi wake ulikuwa huo mmoja tu.

Jua la jioni likawakaa usoni sawasawa. Fundi, asiyezoea, alijikinga kwa viganja huku machozi yakimtoka. Kapteni akamwonea huruma, akavua miwani, akampa.

Lo! Hedifoni ikamfunika masikio pande zote, ngurumo ikakatika, na sauti ya dada wa mnarani ikaingia safi kabisa. Wala hakuona haja ya kuipunguza.

Fundi, miwani usoni, akaanza kugonga redio. "Shemeji, imekufa!"

Wakatazamana. Mikono ile minene ya miwani ndiyo iliyokuwa ikiinua sponji za hedifoni, na kelele zote za injini zikipita hapo. Kapteni alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mimi si kiziwi! Nilidhani nimekwisha!"

Ila sasa anayesikia haoni, na anayeona hasikii. Wakatua hivyo hivyo, rubani akipokea maelekezo ya mnara huku amekunja uso, fundi akipiga kelele: "Kulia kidogo! Kulia, shemeji, siyo huko!" Ndege ikadunda mara mbili, ikatulia.

Walipozima injini, fundi aliinama akatazama kitufe cha sauti cha hedifoni ya Kapteni. "Hiki kimefika mwisho. Umekiacha hapa tangu lini?"

"Tangu zamani hizo. Achana nacho bwana, mchawi tumeshamjua."

Siku ya kupimwa, Kapteni alimsimulia kisa hicho mlinzi, dada wa mapokezi na daktari mwenyewe, akiigiza hadi makelele ya shemeji yake. Daktari alicheka sana, akamfungia kwenye kibanda cha kupimia masikio na kumpa kitufe. "Kila ukisikia mlio, bonyeza."

Ukaja mlio, akabonyeza. Ukaja wa pili, akabonyeza. Kisha kukawa kimya. Kapteni akakaa, kidole tayari, akitabasamu, akisubiri daktari aendelee. Alisubiri sana, hata akadhani mashine imeharibika, akajiandaa kuwatania kwamba na wao wanahitaji fundi.

Mlango wa kibanda ukafunguliwa. Daktari hakuwa anacheka tena.

"Kapteni," alisema kwa sauti ya juu, akimsogelea. "Tumeshamaliza."