Siku Pongo Aliposimama Kwenye Majivu

Kila mwisho wa kiangazi, mvua ikiwa bado inasitasita, harufu ya majani yaliyoungua huingia Lubumbashi kutoka pande zote. Huku Kampemba majirani zangu hufunga madirisha na kulalamikia nguo zao zilizoanikwa. Mimi hufungua langu. Wanangu hunicheka, wanasema mama yao ana njaa ya moshi. Ninyi nitawaambia sababu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Katuba, mtaa mwingine wa mji huu huu, na mama alikuwa karibu kujifungua, kwa hiyo baba alinipandisha kwenye lori la bidhaa nikakae kijijini Kasomeno kwa dada yake mama. Mama mkubwa Chola aliishi pale nyumba zinapoisha na miti inapoanza. Alikuwa ameacha waume wawili, na kwa maelezo ya mama wote walikuwa watu wema. Mwenyewe alisema tu kwamba ndani ya nyumba zao alikosa hewa. Alikuwa mrefu, miguu yake imejaa makovu ya miiba, na aliingia porini peke yake kutafuta uyoga na asali, jambo ambalo hata wanaume walilifanya wawili wawili. Watu walisema pori limemchukua. Mama naye alisema hivyo, kwa sauti ya mtu anayemtaja ndugu aliyehamia nchi ya mbali.

Kwetu Katuba pori lilikuwa jambo la kutishia watoto. "Pori halina mlango, lakini lina wenyewe," mama alizoea kusema, na mimi niliwawazia hao wenyewe wakiwa na nywele za nyasi na macho mekundu. Kwa hiyo asubuhi moja mama mkubwa aliponiambia tunaenda kutafuta asali, nilimfuata nikiwa nimeshika ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, na sikuiachia mpaka ndege alipoita.

Alikuwa ndege mdogo wa kijivu, asiye na uzuri wowote. Alilia kama kiberiti kinachotikiswa, akaruka mti mmoja mbele, akatugeukia, akalia tena. Mama mkubwa alimjibu kwa mluzi. Tukiwa tunamfuata alinisimulia kwamba zamani za kale, mwanamke wa kwanza kuwasha moto aliwaita wanyama wote akawapa chakula na mahali pa kulala. Mbwa alikubali kamba. Kuku alikubali kitundu. Ndege huyu alisimama kwenye tawi akasema: "Nitakuita, utanifuata. Nitakuonyesha, utaniachia kidogo. Lakini mukono yako isinishike."

"Na kama hatumuachie kintu?" nikauliza.

"Siku ingine atakuita tena vizuri vile vile," akasema, "na utakuta ni simba njo iko inakungojea."

Nyuki walikuwa ndani ya tundu la mti wa muombo. Aliwafukiza kwa majani mabichi, akaingiza mkono wake wote, akatoa masega na kuyatia ndooni huku akiwaongelesha kwa upole, kama mtu anayeomba kupita katikati ya watu. Kipande kizuri alikiweka juu ya jani kubwa kwa ajili ya ndege. Mimi nilikuwa ninalamba vidole mpaka viganja nilipoona mama mkubwa amenyanyua uso na kunusa.

Moshi ule haukuwa wa kwetu. Kulikuwa na moto mahali fulani nyuma ya miti, na upepo ulikuwa umegeuka. Kwanza nilisikia mlio, kama mvua kubwa juu ya mabati, kisha nikaona ukuta wa rangi ya machungwa. Nikaanza kulia kwamba wenye pori wamekasirika kwa sababu tumechukua asali yao.

"Hakuna mwenye anakasirika," mama mkubwa akasema. "Upepo njo imegeuka. Kuya hapa," akaniita kwa mkono.

Hakukimbia. Aliinama akawasha majani makavu yaliyokuwa mbele yetu, upande ule ule upepo ulikokuwa unaelekea. Nilidhani amepatwa na wazimu. Moto wake mdogo ulishika, ukakua, ukatuacha ukaenda zake, na nyuma yake ukabaki uwanja mweusi unaofuka. Akaacha ndoo ya asali pale pale, akanivuta mpaka katikati ya majivu yale, akamwagia kikwembe maji yote ya kunywa, akatufunika. Moto mkubwa ulipofika kwenye weusi ule haukukuta cha kula. Ukagawanyika, ukatupita huku na huku ukinguruma.

Nilipochungulia, hatukuwa peke yetu. Sungura wawili walikuwa wamejikunyata karibu na kisiki. Na karibu nami, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, alisimama pongo, swala dume mwenye madoa meupe ubavuni. Ngozi yake ilikuwa inatetemeka. Alinitazama kwa jicho jeusi, lenye maji, na ndani ya jicho lile niliona moto mdogo ukipita. Sijawahi tena kutazamwa hivyo na kiumbe chochote. Nikanyoosha mkono nimguse.

Mama mkubwa akanikamata mkono, nao ulikuwa unatetemeka.

"Muache," akasema taratibu. "Huyu iko wake yeye mwenyewe."

Tukakaa hivyo, watu na wanyama, hakuna aliyemdai mwenzake kitu, mpaka njia ilipofunguka. Pongo akainua kichwa, akaruka mara moja, akapotea.

Nilirudi Katuba nikamkuta mdogo wangu mchanga, na kwa miaka mingi niliwasimulia watu kwamba mama mkubwa wangu hajui woga. Nilikuwa tayari mwanamke mwenye watoto alipokuja mjini kutibiwa macho. Mama alimtayarishia chumba na pazia jipya, akiomba moyoni abaki moja kwa moja. Jioni moja nilimkumbusha mama mkubwa siku ile, nikamsifu kwa ujasiri wake. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Miye? Niliogopa sana, mwanangu. Ule mukono nilikushika nayo ilikuwa inatetemeka. Weye ulifikiri ni wako."

Juma lililofuata macho yalikuwa yamepona, naye akataka lori la kurudi Kasomeno. Mama alilia. Mimi nilimfungia mzigo wake, kwa sababu sasa nilikuwa nimemwelewa. Utotoni niliamini kwamba aliye huru ni yule asiyeogopa kitu. Mama mkubwa aliogopa moto, aliogopa nyoka, aliogopa hata simba wa hadithi yake mwenyewe. Na kila asubuhi alifunga kitambaa chake kichwani, akaingia porini.